Penseli ya Zambarau

Ramani tumeitandaza juu ya boneti la gari la halmashauri,
imebanwa na mawe mawili na chupa ya maji ya Nkwabi.
Upepo wa Agosti unapenya chini yake,
unainua eneo lote la viwanda la Tabora
kama mama ainuavyo kanga kuona kama mtoto kalala.

Viwanda: zambarau. Makazi: njano.
Biashara: nyekundu. Kijani: pasipojengwa kitu.
Ndivyo nilivyofundishwa, na mtihani niliufaulu.

Tulianzia kwenye maghala ya tumbaku,
harufu ikitutangulia hatua mia.
Nkwabi anashika sifuri, mimi navuta utepe:
mita kumi na tano kutoka katikati ya barabara,
hapa mtaro, hapa njia ya waenda kwa miguu,
hapa taa, kila baada ya hatua arobaini,
hapa miti. Niliandika "mikrismasi", nikafuta,
nikaandika "mininga". Itachukua umri wa mtu kukua.
Basi, ichukue.

Mita ya kumi na moja ikaingia jikoni kwa Kalunde.

Sisemi mlangoni. Jikoni:
utepe ukapita juu ya sufuria la maharage,
ukapita kando ya mguu wa kitanda,
ukatokea upande wa pili, penye randa na maranda,
ambako Sizya, mumewe, anachonga milango
ya nyumba ambazo hatakaa aingie.

"Mwangaluka," akasema Kalunde, mwiko ukizunguka.
"Leo mmekuja na rangi gani?"

Maana wale wa mwaka juzi walikuja na nyekundu,
wakampigia X ukutani, hawakurudi.
Akatundika kalenda juu yake.
Kalenda imepitwa na wakati. X bado mbichi.

Nikafungua kikasha changu cha penseli.
Anapika, anauza: nyekundu. Analala: njano.
Mumewe anachonga: zambarau.
Nyuma kuna matembele, matuta matatu:
kijani, ila kijani kilichojengwa, tena kwa jembe.
Nikatafuta rangi moja ya mita nne kwa sita.
Haimo kikashani.

Fomu inataka niulize, nikauliza:
una mapendekezo gani kuhusu mradi?
Nilitegemea neno fidia. Nafasi yake niliiacha tayari.

Akanitoa nje, akanionesha kidole mtaro usio na mfuniko.
"Wasichana wa kiwanda cha nyuzi wanatoka saa sita usiku.
Reli wanaivuka kwa kupapasa.
Nyamizi wa Isevya alivunjika mguu humu, Machi, mvua ikinyesha.
Tangu hapo jiko silizimi mpaka wapite wote.
Nawahesabu. Thelathini na wanne.
Mkaa wa saa mbili kila usiku, hiyo mbona huandiki?
Taa yako ikiwaka, nibomoeni.
Isipowaka, niacheni nilivyo."

Nkwabi akaachia sifuri. Utepe ukarudi mbio
ndani ya ganda lake, ukanichana kidole.

Ofisini, saa kumi, Bwana Mabula anataka mstari ulionyooka.
Mkandarasi hapindi, anasema, kupinda ni hela.
Najua. Hesabu ya saruji nimeifanya mwenyewe, mara mbili.
Na bado mtaro wangu una kiwiko pale,
kama mtu anayejibana ukutani
ili mwenzake mwenye ndoo apite.

Ndani ya kiwiko sikupaka kitu.
Pembeni, kwa herufi ndogo, kwenye safu ya miundombinu iliyopo:
*Taa ya mtaa, Na. 17. Inatumia mkaa.
Isiondolewe kabla Na. 18 haijawaka.*

Ramani imerudishwa mezani kwangu, imeandikwa "Rekebisha".
Nimechonga penseli. Naitazama.
Nje treni ya Mpanda inapiga honi,
nami najikuta nahesabu:
mmoja, wawili, watatu.